Nani Kafunika Maembe

Mtaani wananiita Mama Moto, na sijawahi kumuuliza mtu kwa nini. Najua. Nikiwa na neno nalisema, na ukiniona niko kimya ujue nimelala. Mume wangu ni fundi cherehani, mtu mpole mpaka anaudhi, na tangu tuoane kazi ya kusema nimeifanya mimi kwa niaba yetu wote wawili. Kila nyumba ina mpangilio wake.

Kijana wetu anaendesha lori la masafa marefu, leo yuko huku, kesho yuko kule, na mkewe anakaa na sisi. Binti wa watu, mtaratibu, ukimtuma maji ya kunywa anakuletea na kistuli cha kuwekea glasi. Hata chumvi ya jikoni anaomba kwanza: "Mama, naweza kuchukua?" Mimba yake ya kwanza ilitoka. Ya pili nayo ikatoka, akalala akiangalia ukuta mpaka nikaogopa. Kwa hiyo alipopata hii hatukupiga vigelegele wala hatukumwambia jirani. Tulishusha pumzi nusu tu.

Shida ikawa kula. Asubuhi anatapika, mchana anatapika, jioni akinusa kitunguu anakimbilia uani mkono mdomoni. Uji ulirudi. Wali ulirudi. Chai ilirudi ikiwa bado ya moto! Akapungua, na mume wangu akawa anamrekebishia magauni, mpaka siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mke wangu, hili nikilibana tena litakuwa la mtoto wa shule." Na kila jioni mwanangu anapiga simu: "Mama, amekula?" Sasa mtu aliyeshika usukani wa lori utamjibu nini? Nilikuwa nasema kala kidogo, halafu nakata simu na kulia kwenye kanga.

Kliniki nesi alituambia, "Msimlazimishe vyakula vya maji maji. Mpeni vitafunwa vikavu, kidogo kidogo, awe anatafuna tafuna." Alikuwa na maana ya mkate uliokaushwa na biskuti, hilo nimekuja kulijua baadaye. Lakini mkate mkwe wangu alikuwa hataki hata kuuona kwenye mfuko. Kitu pekee alichokuwa anakitamani ni embe, na embe likiwa na maji yake nalo lilikuwa linarudi. Nikakaa nikawaza. Anataka embe. Nesi anataka kikavu. Basi si embe kavu? Hapo kuna ugumu gani?

Nikaenda kwa mama anayeuza matunda sokoni, mwanamke mwenye mdomo kama wangu, ndiyo maana tunaelewana. Akanipa darasa la bure.

"Usichukue lililoiva likalegea," akasema. "Chukua lililoiva ila bado linajikaza. Kata vipande vyembamba, viwe sawa kwa sawa, maana kinene kitaoza ndani wakati chembamba kimeshakuwa gome la mti. Vichovye kwenye maji yenye limau visije vikawa vyeusi. Vitandaze visigusane. Juani, penye upepo. Na ufunike, shoga yangu, maana nzi naye anapenda afya yake."

Uani kwetu jua halitoshi, ghorofa la jirani limelimeza. Jua la maana liko juu ya paa la stoo, paa la zege, bapa kama meza. Tatizo ni kwamba goti langu na ngazi hawasalimiani. Tukagawana kazi. Mimi kukata na kuchovya jikoni, mume wangu kupanda na nyungo kila asubuhi kabla hajaenda kibandani kwake, kurudi mchana kugeuza vipande, na kuviteremsha jioni kabla ya umande. Mimi nilikuwa kamanda wa chini. Nasimama chini ya ngazi na kisu mkononi, natoa amri.

Likabaki suala la kufunika. Kulikuwa na chandarua kipya ambacho mkwe wangu alipewa kliniki, bado kimo kwenye mfuko wake, cheupe pe. Kitandani kwao walikuwa na cha zamani, kina viraka alivyovitia mume wangu kwa mkono wake. Mimi nilivyolelewa, kitu cha kula hakifunikwi na kikuukuu. Nikachukua kipya, nikamkabidhi fundi.

"Funika na hiki."

"Hiki?"

"Hicho. Au unataka nikuchoree?"

Akakiangalia kile chandarua. Akaniangalia mimi. Akafungua mdomo, akaufunga, akapanda ngazi.

Vipande vya kwanza vilipokuwa tayari, nilivijaribu kama nilivyofundishwa: unakikunja, kinakunjika bila kuvunjika, unakiminya, hakitoi maji. Rangi ya dhahabu, tamu yenye uchachu kwa mbali. Nikampelekea mkwe wangu kwenye kisahani. Akachukua kimoja, akanusa, akaweka mdomoni. Mimi na mume wangu tulisimama mlangoni kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Akatafuna. Akameza. Akakaa. Hakukimbilia uani.

"Mama," akasema, "naweza kuchukua kingine?"

Nyie! Nilitoka pale nikaenda kujifungia bafuni nikacheza.

Baada ya hapo haikuwa nyumba tena, ilikuwa kiwanda. Tukakausha mananasi, tukakausha ndizi, tukarudi kwenye maembe. Yakikauka tunayatia kwenye chupa za kioo, tunazitikisa kila siku tuone kama kuna unyevu. Mkwe wangu akawa anatembea na vipande kwenye mfuko wa gauni, akifagia anatafuna, akifua anatafuna. Tumbo likishatulia na embe, linapokea na uji. Uji ukikaa, na wali unakaa. Magauni yakaanza kuachiwa mshono badala ya kubanwa. Jioni mwanangu akipiga, "Mama, amekula?" namjibu, "Anatafuna kama mbuzi, wewe angalia barabara."

Basi ikafika siku ya kliniki. Nikavaa vizuri, maana nilikuwa naenda kupokea pongezi. Nikaweka na kopo la maembe kwenye mkoba nimwonjeshe nesi. Mkwe wangu akapanda kwenye mizani, nesi akaangalia, akaangalia tena, akatabasamu.

"Mambo si haya sasa! Umeongezeka vizuri. Mtoto naye anakua. Na chandarua tulichokupa, unakilalia?"

Mkwe wangu akanigeukia. Mimi nikajibu kwa kifua mbele, "Kile kina kazi maalumu, nesi. Kinafunika matunda yake."

Kalamu ya nesi ikasimama. "Matunda gani?"

"Haya hapa." Nikafungua kopo. "Si ulisema vikavu? Tunakausha wenyewe juani, kila kitu kisafi. Chandarua kipya kabisa!"

Nesi hakuchukua embe. Aliweka kalamu mezani. "Mama, vile vyandarua vimetiwa dawa. Dawa ya kuua wadudu. Si vya kufunikia chakula. Na huyu amekula kwa muda gani?"

Nusura niseme ndiyo maana nzi hata mmoja hakusogea. Nikaumeza ulimi.

"Amekula kwa muda gani?" nesi akarudia.

"Kila siku," akasema mkwe wangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshuka tumboni. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Nani aliyefunika chakula na chandarua chenye dawa?" Sasa nesi alikuwa amepandisha sauti, na mlango ulikuwa wazi, na kina mama wote waliokuwa kwenye benchi wakageuza shingo. "Nani huyo?"

Nikafungua mdomo. Mimi, Mama Moto, ninayeweza kumrudisha konda njia nzima kwa sababu ya chenji, nikafungua mdomo na sauti ikagoma.

"Ni mimi," akasema mkwe wangu. "Nimefunika mimi, nesi. Sikujua."

Basi akasemwa. Akaambiwa yeye ni msichana aliyesoma, mfuko una maandishi na picha, ana macho ya nini? Akaambiwa mimba mbili zimetoka na bado hajifunzi. Yeye ameinamisha kichwa, anaitikia "ndiyo, nesi," "samahani, nesi," na mimi nimesimama pembeni kama mwiko uliosahauliwa sufuriani. Niliona aibu ambayo sina jina lake. Nilitamani mkwe wangu mwenyewe anitukane, pale pale, mbele za watu.

Daktari alikuja akawa mtulivu zaidi. Alisema hawezi kusema imemdhuru, wala hawezi kusema haijamdhuru. Anataka kujua ni dawa gani na iligusa chakula kiasi gani. "Nileteeni mfuko wa hicho chandarua, na chenyewe. Huyu atabaki hapa tumwangalie."

"Naenda," nikasema. Sauti ilikuwa imerudi, lakini ndogo kama ya mtu mwingine.

Njiani nikampigia mume wangu. Simu inaita mpaka inakata. Cherehani ikishaanza kulia, yule mtu hasikii hata radi. Nikapiga tena, nikapiga tena, niko nyuma ya pikipiki, mkoba nimeubana kwapani, namwambia dereva aendeshe haraka na papo hapo namwambia asituue. Kichwani kulikuwa na jambo moja tu. Tukiipoteza hii, nitakuwa nimeiua mimi. Nitamwambia nini mwanangu? Amekula? Ndiyo, mwanangu, amekula.

Nikafika, nikaenda moja kwa moja kwenye ngazi. Goti likaniuliza, unaenda wapi wewe? Sikulijibu. Nikapanda kipago kimoja, nikashika, nikapanda kingine, jasho linaingia machoni. "Mungu wangu," nikasema kwa sauti, "lichukue goti, niachie mtoto." Nikajivuta juu ya zege kwa tumbo na kanga imefunguka, ashukuriwe Mungu jirani hakuwepo dirishani.

Nyungo zilikuwa zimepangwa vizuri, na kila moja ina kifuniko. Nikanyoosha mkono niking'oe kile chandarua. Mkono ukasimama hewani.

Hakikuwa chandarua. Kilikuwa kitambaa cheupe chepesi chenye maua yaliyofumwa, na maua yale niliyajua kabla sijayagusa. Lilikuwa pazia langu. Pazia la sebuleni la wageni, lile ninaloliweka kabatini na sabuni ya kunukia, ambalo hata watoto wa dada yangu hawaruhusiwi kulipumulia. Limekatwa! Limekatwa miduara miduara, limepindwa ukingo, limetiwa mpira pembeni, kila ungo umevalishwa lake kama kofia ya kuogea. Nikalinusa. Sabuni na embe. Nikanusa lingine. Sabuni na embe.

"Mke wangu!" Ilikuwa sauti ya fundi, chini, anahema. Alikuwa ameziona simu zangu. "Shuka, utaanguka! Nitakueleza! Nimekata nusu tu, nusu nyingine bado inatosha dirisha dogo!"

Nikasogea ukingoni kwa magoti. "Chandarua kiko wapi?"

"Pazia nitakushonea jingine, tena zuri kuliko..."

"Fundi! Nakuuliza chandarua!"

"Kiko kibandani. Kwenye droo ya cherehani."

"Hakijafunika haya maembe?"

"Hakijafunika kitu. Siku ile ulivyonipa nilifungua mfuko kidogo, harufu ikanipanda puani. Mimi vitambaa ndiyo kazi yangu, kipya nakijua kinavyonuka, kile kilikuwa kinanuka dawa. Nikasoma, nikaona picha. Nikakirudisha mfukoni mwake, sijakikunjua mpaka leo."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ile ile ya kwanza."

"Hakijagusa hata kipande?"

"Hata kimoja. Mke wangu, kwani kuna nini?"

Nilikaa chini kati ya nyungo nikalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyebeba gunia toka mbali na sasa kaambiwa tua. Mume wangu akapanda nusu ya ngazi, kichwa chake kikatokeza ukingoni, macho yamemtoka. Nikamsimulia yote huku napenga kamasi kwenye kanga.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikamaliza.

"Ulikuwa na kisu mkononi."

"Nilikuwa nakata maembe!"

"Mimi niliona kisu." Akajikuna shingo. "Na ningekuomba pazia, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Umeona? Nikalichukua, nikalifua, nikalichemsha, nikashona. Vifuniko nikawa naviacha huko huko juu kila jioni, na chandarua nikakificha, maana ungekiona kitandani ungeuliza maembe yamefunikwa na nini. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu nani?"

"Ni msemo tu, mke wangu."

"Nilikwambia ukaushe maembe, mwanaume wewe, sikukwambia ukaushe na mdomo!"

Nikaitafuta hasira, wallahi, nikaikosa. Pazia limekatwa vipande mbele ya macho yangu na moyo ulikuwa mwepesi, nilitaka kumkumbatia yule mzee hapo hapo kwenye ngazi, tungeanguka wote wawili. Nikampigia mkwe wangu.

"Mwanangu, nisikilize. Hujala dawa. Hakikuwa chandarua. Baba yako alifunika na pazia."

"Pazia gani, mama?"

"La wageni."

"Lile la sebuleni? Mama, tafadhali, usimuue baba."

Hapo ndipo nilipocheka. Na upande wa pili nikamsikia naye anacheka, halafu anacheka na kulia, halafu analia tu, kilio kile alichokuwa amekizuia mbele ya nesi. Nikamwachia alie. Sikusema kitu, jambo ambalo kwangu si dogo.

Kushuka ilikuwa kazi kuliko kupanda. Fundi ananishika kisigino, ananiwekea kwenye kipago, "sasa wa kushoto, sasa wa kulia." Tukapita kibandani tukachukua chandarua, tukaenda kliniki sote, yeye na mfuko wake, mimi na vifuniko vya pazia na maembe mengine nimeyafunga kwenye karatasi safi.

Daktari akaushika ule mfuko, akaona chandarua bado kimekunjwa vile vile kilivyotoka kiwandani. Akachukua kifuniko cha pazia, akakinusa, akampa nesi, naye akanusa. Wakatazamana. Daktari akapangusa miwani yake, akasema hana la kuangalia hapo, mama mtarajiwa aende nyumbani akale. Akamuuliza mume wangu kama anaweza kumshonea mke wa daktari mwenyewe vifuniko kama vile. Mume wangu akafungua mdomo kujibu, na kabla hajaufunga nikajibu mimi kwamba anaweza.

Lakini nesi alikuwa bado hajaridhika. Akamgeukia mkwe wangu, mikono kiunoni.

"Wewe binti, sasa mbona ulinidanganya? Umeniambia ulifunika wewe, kwa chandarua. Mtu anafunika kitu kwa mkono wake, halafu hajui amefunika na nini?"

Mkwe wangu akaangalia sakafu. Na nilijua kwamba nikikaa kimya litapita. Yeye asingesema kamwe, si leo, si siku ya kufa kwangu.

"Nesi," nikasema, na safari hii sauti ilikuja yote, mpaka watu wa dirisha la dawa wakageuka. "Huyu hajafunika embe hata moja. Mwenye kutoa chandarua ni mimi. Mwenye kusema kifunike chakula ni mimi. Yeye alikuwa ananifunika mimi."

Nesi akaitoa mikono kiunoni. Mkwe wangu akasogea karibu nami, akaingiza mkono kwenye mkoba wangu bila kuomba, akatoa kipande cha embe, akaanza kutafuna.